Siti Binti Saad, Mtambo wa Nachingwea na Studio ya Chumba Kimoja: Kwa Nini Prodyuza wa Kusini Asikimbilie Kompresa ya Mamilioni

Kuna swali haliishi kwenye magrupu ya maprodyuza wa Bongo: mkwanja ukipatikana, inunuliwe priampu kali kwanza au kompresa? Kila mtu ana jibu lake, na wengi wanajibu kwa kutaja jina la mashine waliyoiona kwenye video ya studio ya Marekani.

Kwa studio ya Dar, ukikosea kununua siyo ishu sana. Unauza, unaongeza kidogo, unachukua kingine. Lakini kwa kijana wa Ruangwa au Nachingwea aliyekusanya hela ya msimu mzima wa ufuta au korosho, kosa moja linakula mwaka. Duka la vifaa lipo zaidi ya kilometa 400 kutoka alipo, na wa kumuuzia kitu alichokosea hayupo mtaani kwake.

Jibu lake lipo, tena ni la kihistoria. Na walioliacha ni watu ambao wengi wao majina yao hayapo kwenye kava la santuri wala mwanzo wa wimbo: mafundi mitambo.

Tuelewane kwanza

Maiki haitoi sauti, inatoa umeme. Tena umeme mdogo sana, sehemu chache tu za elfu moja ya volti. Priampu ndiyo inayoukuza umeme huo mpaka ufae kurekodiwa. Ukisikia priampu ina gaini ya desibeli 60, maana yake inaweza kuikuza volti hiyo mara 1,000.

Kompresa kazi yake ni nyingine. Inapunguza pengo kati ya sehemu aliyoimba kwa nguvu na sehemu aliyoimba taratibu. Unaiwekea kiwango cha kuanzia, tuseme −20. Unaiwekea uwiano, tuseme 4 kwa 1. Mwimbaji akipanda mpaka −8, amevuka kiwango kwa desibeli 12. Kompresa inaruhusu robo yake tu, yaani 3, kwa hiyo kinachotoka ni −17. Desibeli 9 zimeliwa. Baada ya hapo unapandisha sauti yote juu, na vokali inakaa mbele ya biti bila kuzama.

Basi, hivyo vifaa viwili ndiyo hivyo. Sasa turudi nyuma.

Bombay, 1928

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walipanda meli Zanzibar kwenda Bombay, India, kurekodi kwa kampuni ya HMV. Ni miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za muziki wa Kiswahili, na ndizo zilizomfanya Siti ajulikane pwani nzima.

Walikwenda wakati mzuri. Miaka michache kabla, kurekodi kulikuwa ni kuimba ndani ya pembe kubwa la bati. Hakukuwa na maiki wala umeme. Nguvu ya mapafu ya mwimbaji ndiyo iliyosukuma sindano ikachora santuri. Mwenye sauti ndogo hakuwa na lake. Mwaka 1925 kampuni kubwa zikaanza kutumia mfumo wa umeme uliotengenezwa Marekani na Western Electric: maiki, kikuza sauti cha valvu, halafu sindano. Kikuza sauti hicho ndicho babu wa priampu ya leo.

Ghafla mtu aliweza kuimba kama anaongea na jirani na bado akasikika. Lakini tatizo jipya likazaliwa hapo hapo. Mwimbaji akipandisha ghafla, sindano inachora mfereji mpana kupita kiasi na santuri inaharibika. Akishuka sana, sauti inamezwa na mkwaruzo. Kompresa za studio zilikuwa hazijaja. Fundi wa zama hizo aliweka mkono kwenye kitufe, akausikiliza wimbo kwenye mazoezi, akajua wapi ashushe. Na mwimbaji naye alifundishwa kusogea nyuma kidogo kwenye sehemu za juu.

Yaani kompresa ya kwanza ilikuwa mkono wa fundi na miguu ya mwimbaji. Shika hiyo, itarudi.

Nachingwea ilivyoingia kwenye hadithi

Wengi wanaijua Nachingwea kwa mambo mawili. La kwanza ni Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Reli ilijengwa kutoka upande wa pwani mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga ambazo hazikuonekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. La pili ni kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ambako Samora Machel na wenzake walifundisha jeshi lililoikomboa Msumbiji mwaka 1975.

Kuna la tatu ambalo halisemwi sana: redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikaja kuwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Nachi ikawa moja ya sehemu zilizowekwa mtambo wa kurushia masafa ya kati ili watu wa kusini nao waipate.

Ni muhimu kukumbuka kusini ilivyokuwa. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo ni kivuko, na mvua zikichachamaa barabara inakata. Bendi ya Dar kufika Nachingwea ilikuwa safari ya kujitoa. Kwa hiyo kwa watu wengi wa Nachi na Ruangwa, NUTA Jazz au Mlimani Park ni sauti iliyotoka kwenye redio ya betri, tena usiku, kukiwa na mikwaruzo.

Hapa ndipo kompresa ilipokuwa lazima. Mtambo wa masafa ya kati una kikomo chake. Ukiusukumia sauti kubwa kupita kiwango, unapasua matangazo na unaweza kujiharibu wenyewe. Ukiusukumia sauti ndogo, msikilizaji wa mbali anasikia mikwaruzo tu. Kwa sababu hiyo vituo vya redio duniani vilianza kuweka kifaa cha kubana sauti kabla ya mtambo tangu miaka ya 1930, wakati studio za muziki bado zilikuwa zinategemea mkono wa fundi. FRELIMO nao walikuwa na vipindi vyao vilivyorushwa kutoka Dar kwenda Msumbiji. Mpiganaji aliyejificha porini na redio ndogo hakuhitaji sauti tamu. Alihitaji kusikia kila neno.

Kwa hiyo kubana sauti hakukuanza kama mbwembwe za studio. Kulianza kama njia ya kuifikisha sauti mbali bila kuua mtambo.

Sababu ya pili: tepu

Pale RTD bendi nyingi zilirekodi kwa kupiga zote pamoja, mara moja, kwenye tepu. Hakuna kusema "turudie mstari wa tatu tu". Mwimbaji akikosea, wote mnaanza upya.

Na tepu ina tabia yake. Ina mvumo wa chini unaosikika kama "shhhh" muda wote. Ukirekodi kwa sauti ndogo, ukija kupandisha, "shhhh" inapanda nayo. Ukirekodi kwa kubwa sana, tepu inajaa na sauti inakwaruza. Nafasi kati ya hizo mbili kwa tepu za zama hizo ilikuwa kama desibeli 60 hadi 70 hivi. Mwimbaji mwenye roho akipanda na kushuka anaijaza yote. Ndiyo maana studio za dunia zikaanza kubana sauti wakati wa kurekodi, kabla haijagusa tepu.

Mahitaji hayo ndiyo yaliyozaa mashine ambazo leo watu wanazitaja kama mastaa. Mwaka 1959 ilitoka Fairchild 660, dude zito lililojaa valvu. Miaka ya 1960 ikaja Teletronix LA-2A, inayotumia taa na kihisi mwanga. Sauti ikipanda taa inawaka zaidi, kihisi kinashusha sauti taratibu. Ina vitufe viwili tu vya maana, cha kubana na cha kupandisha. Mwaka 1967 Bill Putnam wa Marekani akaleta 1176, ambayo inashika sauti ndani ya muda mfupi kuliko elfu moja ya sekunde. Upande wa priampu, mwaka 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ikatoa 1073, yenye transfoma zinazoipa sauti unene ambao watu wanautafuta mpaka kesho.

Ni mashine nzuri, hakuna ubishi. Ila ziliundwa kutatua matatizo ya mitambo ya redio, santuri na tepu. Umaarufu wake ulipofika Bongo, matatizo hayo yalikuwa yanaelekea kuisha.

Kompyuta ikabadilisha sheria

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua mlango kwa redio binafsi, na 1994 Radio One ikaingia hewani. Vijana wa rap wakapata pa kupigwa, na studio za Dar kama za Master J na P-Funk Majani zikawa ndiyo mahali pa kutokea. Kwa msanii wa Lindi au Mtwara, kutoka kimuziki kulimaanisha kupanda basi. Wapo waliofanikiwa. Wengi zaidi waliishia gheto za watu wakisubiri zamu ya studio, hela ikaisha, wakarudi nyumbani bila wimbo.

Kilichowaokoa wadogo zao ni kompyuta na intafesi, kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta ambacho ndani yake priampu tayari ipo. Rekodi ya biti 24 kinadharia ina nafasi ya desibeli 144. Kiuhalisia ni pungufu ya hapo, lakini bado inaiacha tepu mbali sana. Maana yake mwimbaji anaweza kurekodiwa akiwa wastani wa −18, vilele vyake vikifika −10 hivi, na hakuna "shhhh" ya kumfukuza. Ile sababu ya kubana sauti kabla ya kurekodi haipo tena.

Lakini tabia imebaki. Utakuta mtu anarekodi taa nyekundu zikiwaka kwa sababu "sauti inatakiwa iwe kali". Kwenye tepu, kujaza kidogo kulileta ladha. Kwenye kompyuta, ukivuka 0 kilele kinakatwa, na kilichokatwa hakirudi. Hakuna plagini ya kukirudisha kama kilivyoimbwa.

Sasa, priampu ipi?

Kuna namba mbili za kuangalia kabla ya rangi ya boksi.

Ya kwanza ni gaini. Maiki za kondensa zinatoa umeme mwingi, kwa hiyo karibu intafesi yoyote inazimudu, alimradi ina ile volti 48 ya kuziwasha. Maiki za dainamiki ndizo zinazotaka nguvu. Shure SM7B, ambayo kila podikasti mjini inayo, inahitaji angalau desibeli 60 kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe. Sasa angalia: Focusrite Scarlett 2i2 ya toleo la tatu ina gaini ya desibeli 56. Toleo la nne ina 69. Boksi mbili za jina moja, lakini moja itamtesa mwenye SM7B na nyingine itampa nafasi. Mwenye ile ya zamani siyo lazima ainunue mpya. Kuna vifaa vidogo vya kuongeza nguvu kabla ya intafesi, kama Cloudlifter, vinavyompa desibeli 25 za ziada.

Ya pili ni mvumo wa priampu yenyewe. Intafesi za bei ya kawaida siku hizi nyingi zinacheza karibu na −128. Kikomo cha fizikia kwa maiki ya kawaida ni kama −131, na hakuna hela inayoweza kukivuka. Kwa hiyo ukilinganisha intafesi ya mwanafunzi na priampu ya bei ya pikipiki, ukimya walioachana ni desibeli kama 3. Anayelipa zaidi analipia ladha ya transfoma, uimara na gaini ya ziada. Halipii ukimya.

Kelele kubwa ya studio ya chumba kimoja Ruangwa haitoki kwenye priampu. Inatoka kwenye feni, bati la juu likipigwa na jua, bodaboda inayopita, na mwangwi wa ukuta mtupu wa saruji. Na hapa kuna priampu ya bure ambayo mafundi wa zamani waliijua: umbali. Mwimbaji akitoka sentimita 40 kuja 20 kutoka kwenye maiki, sauti yake inapanda kama desibeli 6, huku kelele za chumba zikibaki pale pale. Angalizo ni moja, akisogea sana besi inavimba na herufi "p" na "b" zinapiga kama teke. Kichujio cha pumzi kinasaidia, hata cha kujitengenezea kwa waya na soksi nyepesi.

Na kompresa?

Rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Ukibana desibeli 9 kisha ukapandisha 9, feni nayo imepanda 9. Kompresa haijui ipi ni sauti ya msanii na ipi ni ya feni. Ndiyo maana studio mbili zenye mashine ile ile zinatoa matokeo tofauti kabisa. Chumba kikiwa kimya kompresa inapendeza. Kikiwa na kelele, kompresa inakuwa kipaza sauti cha kelele.

Kwa vokali nyingi, plagini zinazokuja bure na programu za kurekodia zinatosha kuanzia. Uwiano wa 2 au 3 kwa 1, ibane desibeli 3 hadi 6 pale anapopanda, basi. Kasi ya kushika ikiwa kali mno, mwanzo wa maneno unakufa na Kiswahili kinasikika kama kinaongewa na mtu aliyeziba mdomo. Kasi ya kuachia ikiwa fupi mno, sauti inahema juu na chini. Kama mwimbaji ana vilele vikali, tumia kompresa mbili zenye kazi ndogo ndogo, moja ya haraka ya kukamata vilele na nyingine ya taratibu ya kulainisha. Ni mchezo ule ule wa 1176 ikifuatwa na LA-2A, umechezwa studio kubwa kwa miaka mingi.

Uzuri wa kubana baada ya kurekodi ni kwamba ukikosea unafuta unarudia. Ukibana kwa mashine wakati wa kurekodi, umeoa hapo hapo.

Je, kompresa ya chuma haina kazi? Inayo. Rapa anayesikia sauti yake imebanwa vizuri kwenye hedifoni anajiamini na anaimba tofauti. Na kuna ladha ambayo watu wenye masikio wanaitafuta. Ila ni ununuzi wa mwisho. Kwanza tuliza chumba kwa magodoro, mablanketi na kabati la nguo. Pili maiki inayoendana na sauti za wateja wako. Tatu intafesi yenye gaini ya kutosha. Nne umeme uliotulia, wenye eathi ya kweli, maana mngurumo wa umeme hauondoki kwa kompresa, unaongezeka. Vikiisha hivyo vyote na hela ikabaki, haya, nunua chuma chako.

Kinachoweza kupotea

Kuna bibi na mababu Nachingwea na Ruangwa wenye nyimbo za Kimwera za unyago, za shamba na za msiba ambazo hazijawahi kuwekwa popote. Kuna vijana wanaoimba vizuri kuliko nusu ya wanaotrendi. Zamani, ili sauti hizo zihifadhiwe ilibidi zifike Dar, au mtu wa Dar awafuate na gari la kurekodia. Leo boksi la ukubwa wa Biblia na laptop vinatosha, na fundi ni kijana wa hapo hapo.

Huyo kijana ana jukumu kubwa kuliko anavyodhani. Akirekodi safi na kwa kiwango cha chini, miaka 30 ijayo mtu mwingine ataweza kuichukua sauti hiyo na kuipiga msasa kwa vifaa ambavyo bado havijabuniwa. Akiipasua kwa gaini au akaiponda kwa kompresa wakati wa kurekodi, bibi atakuwa ameshaondoka na hakuna wa kurudia.

Wale mafundi wa Bombay na wa RTD walifanya kazi na vifaa ambavyo leo hata simu inavizidi kwa ukimya. Na bado Siti anasikika, karibu miaka 100 baadaye. Walimsikiliza mwimbaji kabla ya kugusa kitufe, na hilo kwenye bei ya kifaa halimo.

Mdau mwenye studio yako mkoani, wewe ulianza kununua nini, na leo ungeanza na nini?